Rubani wa Vita Viwili

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja wake: hakuamini kipimo alichoambiwa kwa mdomo. Mtu angekuja na kitambaa chake kwapani, aseme kiuno changu nakijua, nimepimwa juzi tu, naye Fundi angeitikia vizuri kabisa, ndiyo mama, ndiyo baba, huku tepu yake imeshamzunguka.

"Sikubishii wewe," angesema. "Mbishi ni nguo."

Basi siku mdogo wake alipomleta nyumbani mwanamume mrefu, mwenye mvi za pembeni na viatu vilivyong'arishwa mpaka ukingo wa soli, akasema dada, huyu ni rubani, tena rubani wa vita, Fundi alimpa kiti, akammiminia chai, akamtazama kuanzia kola mpaka kamba za viatu.

Walikuwa wakiishi wawili tu, Fundi na mdogo wake, katika nyumba ya vyumba vitatu waliyoachiwa na wazazi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pa kazi: cherehani cha kukanyaga kwa miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, pasi mbili, na kikapu cha nyuzi ambacho hakikuguswa bila ruhusa. Mdogo mtu alipiga pasi, akashona vifungo, na akaongea. Aliongea tangu kunakucha. Aliongea na wateja, na pasi, na vifungo vyenyewe, hata mtaa mzima ukamwita Chiriku na jina lake la kuzaliwa likabaki la kwenye vyeti.

Chiriku aliwahi kuolewa. Mume alijieleza kuwa ni daktari wa macho, na kweli alikuwa na koti jeupe. Baadaye ikaja kujulikana kwamba alikuwa akifagia duka la miwani, kazi ya halali isiyo na aibu yoyote, ila pia alikuwa na mke mwingine na watoto mtaa wa pili, na hao nao walimjua kama daktari. Chiriku alirudi nyumbani na mfuko mmoja wa nguo. Mwaka mzima alipiga pasi bila kutamka neno, na ukimya huo ulimtisha Fundi kuliko kilio. Siku aliyofungua tena mdomo, la kwanza lilikuwa hili: "Dada, safari nyingine akija mtu, jicho la kumtazama liwe lako. Ukisema hapana, ni hapana."

Fundi alilichukua neno hilo kama amana. Baada ya miaka akaja kinyozi, mtu mpole, kucha safi. Fundi alimuuliza alikotoka, akajibu kwa kifupi; akamuuliza alifanya nini ujanani, akasema, "Ya kawaida tu." Kinyozi hakurudi tena. "Mtu asiyesimulia alikotoka ana jambo," Fundi alimwambia mdogo wake. Chiriku akainama juu ya pasi, hakubisha.

Sasa huyu wa safari hii alisimulia.

"Kule juu, shemeji," alianza.

"Sijawa shemeji yako bado."

"Samahani, mama. Kule juu kuna baridi ya kuvunja mfupa. Bunduki ya ndege inaganda. Unabonyeza, haitoi kitu, na adui yuko kisogoni. Kwa hiyo kila rubani alikuwa na nyundo ndogo, imefungwa kwa kamba hapa, kwenye kifundo cha mkono. Unaigonga bunduki, ko, ko, ko, mpaka inakubali."

"Nyundo," alisema Fundi.

"Nyundo, mama. Na mafuta ya injini yalikuwa mafuta ya nyonyo. Yanakurukia usoni, unayameza utake usitake. Ukitua chini, kabla hujasema umeangusha ndege ngapi, unatafuta choo."

Chiriku alicheka mpaka akaishika meza. Fundi naye alicheka, maana ilichekesha, lakini alikuwa ameona mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuanza hadithi, Rubani alimtupia Chiriku jicho kidogo, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu kabla ya kukariri shairi mbele ya darasa. La pili lilikuwa mikono. Mdomo ukiwa angani unapigana vita, mikono ilikuwa mezani kwenye kitambaa: ilinyoosha makunyanzi kwa ubavu wa kiganja, kutoka katikati kwenda nje, kisha ikaushika mshono wa ukingoni kwa dole gumba na kuuvuta kidogo, kuujaribu. Ilipofika kwenye kona ikaanza upande wa pili.

Rubani gani huyu anayejaribu mishono?

"Mwisho wa mwezi Mjomba anakuja," Chiriku alisema mgeni alipoondoka. "Na dada yake Rubani pia. Watataka neno lako."

"Watalipata."

"Lipi?"

"Mwezi haujaisha," alisema Fundi, akakanyaga cherehani ili asisikie swali la pili.

*

Fundi alimaliza shule ya msingi na hapo ndipo safari yake ya shule ilipokoma, lakini kusoma hakukumshinda. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, jinsi anavyofumua mshono wa watu wengine, na alichokwisha kukisoma hakikumtoka. Jumatatu alifunika cherehani, akamwambia Chiriku anakwenda kutafuta zipu, akaenda maktaba.

Maktaba ilikuwa juu ya ofisi ya maji, ngazi za saruji zilizoliwa kingo kwa nyayo za watu, rafu za chuma zilizopakwa rangi ya kijivu, na harufu ya karatasi iliyowahi kulowa ikakauka. Mkutubi alikuwa mzee mnene mwenye sauti nyembamba. Wasomaji walimwita Kimya, kwa sababu aliwanyamazisha wote halafu anayeongea ni yeye.

"Nataka vitabu vya marubani wa vita," Fundi alimwambia. "Vya kweli, vya kuaminika."

"Vya kweli au vya kuaminika? Maana hivyo ni vitu viwili, mama."

"Nieleze."

Kimya hakungoja kuombwa tena. Alimpeleka kwenye rafu ndogo iliyo karibu na dirisha, yenye kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono VITABU TUNAVYOPENDEKEZA. Kila msimu alichagua mambo ya aina moja, na bahati, au nini, msimu huu ulikuwa wa vita vya angani.

"Hiki chenye jalada la buluu ameandika rubani mwenyewe, wa vita vikuu vya pili. Ukikisoma utasikia moshi puani. Lakini alikiandika amekwisha zeeka, kwa hiyo kipende ila usiape kwacho. Hiki kinene ameandika mtu ambaye hajarusha hata kishada. Kikavu kama mkate wa juzi. Lakini amekaa na kumbukumbu za pande zote mbili, akalinganisha. Ukitaka kuaminika, ndicho."

"Alilinganisha nini?"

"Sifa, mama. Huyu anarudi anasema nimeangusha ndege, yule naye nimeangusha ndege. Ukienda upande wa pili ukauliza ngapi hazikurudi, unaambiwa moja. Kumbe wote wawili waliipiga hiyo hiyo, kila mtu akaona moshi akajua ni wa kwake."

"Walikuwa waongo?"

"Wachache. Wengi waliona walichotamani kuona, kwa kasi ile na hofu ile. Ndiyo maana wakitua tu, jasho halijakauka, kulikuwa na ofisa ambaye kazi yake ni kuwauliza. Jua lilikuwa wapi? Nani mwingine aliona? Uliiona ikigonga chini, au uliona moshi tu? Na wakati mwingine anamweka mmoja kando, wenzake wasimsaidie kukumbuka."

Fundi alimpenda ofisa huyo bila kumjua.

Vilikuwapo viwili vingine. Kimoja kilikuwa chembamba, chenye picha nyingi. Cha mwisho kilikuwa kipya kabisa, uti wake haujavunjika. "Hicho ni cha watu wa chini," Kimya alisema. "Mafundi wa injini, wapiga simu, wapika chakula, wote waliobaki uwanjani. Kizuri sana na hakuna anayekitaka. Kila mtu anataka kupaa."

Fundi alivichukua vyote vinne, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaweka zipu mbili juu yake.

Fundi alivisoma wakati Chiriku ameenda kupeleka nguo za watu, akivificha chini ya mabaki ya vitambaa. Kile cha buluu kilimshika mpaka akaunguza kola ya shati la mwalimu. Kinene kilimpa usingizi, lakini hakukiacha. Aliruka kurasa za majina ya injini, akasimama kila penye mtu aliyeulizwa maswali. Kisha akafungua kile chembamba, na ukurasa ukafunguka wenyewe, kana kwamba umezoea.

Palikuwa na picha ya ndege ya mbao na kitambaa. Wanawake walikuwa wameketi kando ya bawa lake, sindano mkononi, wanalishona kama shuka. Fundi aliitazama hiyo kwa muda wake, akaona mshono ni wa mkono na ni mzuri. Chini yake palielezwa kwamba bunduki za wakati huo zilikuwa zikikwama, na marubani wengine walibeba nyundo ndogo za kuzigongea. Ukurasa wa pili, mafuta ya nyonyo, na choo.

Hadithi ya Rubani ilikuwa imelala hapo nzima, haijapungukiwa hata na ko, ko, ko.

Lakini vita hivyo vilikuwa vikuu vya kwanza. Fundi alirudi kwenye mwaka ulioandikwa chini ya picha, akaweka kidole, akasoma tena. Kama Rubani alimeza mafuta hayo, basi alikuwa mkubwa kuliko babu yake Fundi, aliyekufa akiwa hana jino. Na juzi, kwenye chai, alisema pia jinsi kioo cha kufunika kichwa kilivyokuwa kikiingia ukungu, na kioo hicho kilikuwa cha ndege za kitabu cha buluu. Bwana harusi alikuwa amepigana vita viwili vya watu wengine, na vya kwake, vya ujana wake, hakuvitaja kabisa.

Kisha akauona uzi. Ulikuwa umelazwa kati ya kurasa hizo mbili kuonyesha mahali, uzi wa zambarau iliyoiva, wa sare za kwaya. Rangi hiyo Fundi aliitafuta mji mzima mpaka akaagiza mwenyewe. Nje ya kikapu chake haikuwapo.

"Kumbe," alisema peke yake. Alimwona Rubani kama yupo mbele yake: ameketi mezani, kikapu kando ya goti, mikono inatambaa. Mwizi wa hadithi ni mwizi wa nyuzi pia. Alijisikia karibu raha, raha ya mtu aliyesema toka mwanzo.

Kesho yake alikuwa maktaba kabla Kimya hajamaliza kufungua madirisha.

"Kitabu hiki, kabla yangu, alikichukua mwanamume mrefu? Mvi hapa na hapa?"

"Msomaji simsemi, mama. Ndiyo kazi." Kimya aliweka fimbo ya kufungulia madirisha, akanyamaza kwa shida kubwa. "Ila mwanamume, hapana."

"Nani basi?"

"Nimesema simsemi. Mwanamke. Alikuwa akikaa pale dirishani, nimemnyamazisha mpaka nimechoka. Anasoma kwa sauti, anafunga kitabu, anarudia kwa kichwa, kama anajiandaa kwa mtihani. Na akicheka, mpaka watu wa ofisi ya maji wanapanda kuuliza kuna nini. Vile vitatu alivimaliza. Cha watu wa chini nilimpa bure bure, akanirudishia hapo hapo. Akasema hicho hakina shujaa."

Fundi aliteremka zile ngazi akishika ukuta.

*

Njiani alijaribu kuligeuza jambo lile kila upande, na kila upande lilimchoma. Kwamba mwanamume adanganye, hilo alikuwa amelitegemea, hata alikuwa amelitengea nafasi. Lakini Chiriku kumfundisha uongo, kumkaririsha, kisha kukaa mezani akicheka kana kwamba anausikia mara ya kwanza? Chiriku aliyenyamaza mwaka mzima kwa sababu ya koti jeupe, leo ndiye anayeshona koti?

Mtu haazimi maisha ya mwingine kama yake yanavalika. Huyu mwanamume alikuwa anaficha nini? Kifungo cha jela? Mke? Na mdogo wake alikuwa anajua, au naye amepofushwa, akapewa na kazi juu yake?

Hakumuuliza. Siku zile alimchunguza mdogo wake jinsi anavyochunguza kitambaa kinachouzwa rahisi mno, kwenye mwanga, mbele na nyuma. Chiriku alikuwa yule yule, anaongea na vifungo. Rubani alipokuja Jumamosi, Fundi alijaribu kidogo.

"Hicho kioo cha juu ya kichwa, mlikuwa mnakifunga kutoka ndani au nje?"

"Ndani," Chiriku alijibu.

"Nimemuuliza yeye."

"Yeye alikuwa anameza chai, dada. Unataka apaliwe?"

Rubani alimeza chai yake, ingawa kikombe kilikuwa kitupu kitambo. Baadaye Chiriku alianua shuka za mteja, naye akainuka kumsaidia bila kuambiwa. Fundi alisimamisha cherehani. Shuka zile zilikunjwa kwa mikunjo iliyolingana kama kurasa, kila mkunjo ukipitishwa ubavu wa kiganja, na alipomaliza hakuzitupa kwenye kikapu, alizilaza. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama anahesabu au anasali.

Jioni hiyo Fundi alifungua kile kitabu kipya kisicho na shujaa. Kilikuwa na harufu ya gundi. Alipita mafundi wa injini, akapita wapishi, akafika kwenye picha ya banda refu lenye meza ndefu kuliko chumba chake, na watu wamesimama pande zote wameinamia kitambaa cheupe. Walikuwa wakikunja parachuti. Mmoja alikuwa amebonyeza mkunjo kwa ubavu wa kiganja. Mwingine ameshika mshono kwa dole gumba.

Moyo wake ulitaka kusema ndiye. Akauzuia. Huo ulikuwa moshi. Ndege yenyewe hajaiona ikigonga chini.

*

Mjomba alikuja siku yake akiwa na tai. Alikuwa mtu wa kupenda mambo makubwa, na kazini kwake, kwenye mizani ya magari ya mizigo, alikuwa amekwisha mwambia kila dereva kwamba mpwa wake anaolewa na rubani wa ndege za vita. Dada yake Rubani alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa ndani kwa daktari. Rubani mwenyewe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na Chiriku.

Baada ya salamu na chai, Mjomba alisugua viganja. "Haya, shujaa. Kabla ya mambo rasmi, tupe ile ya nyundo. Nimeisikia kwa huyu, nataka kwa mwenyewe."

Rubani alimtazama Chiriku. Chiriku akainamisha kichwa kidogo, haya, anza.

"Mjomba, naomba nitangulie," alisema Fundi. "Nina maswali machache. Chiriku, hebu katazame chai jikoni."

"Chai iko hapa mezani, dada."

"Basi katazame jiko."

Chiriku alisimama, akatazama nyuso zote, akatoka. Hatua zake hazikufika jikoni. Zilikomea nyuma ya mlango, na kila mtu alizisikia zikikoma.

Fundi alisogeza kiti. Hakupandisha sauti.

"Hiyo siku ya nyundo. Jua lilikuwa upande gani?"

"Jua?"

"Rubani wa vita hakosi kujua jua liko wapi. Adui anatokea humo. Nimesoma."

Rubani alitazama meza. Mikono ilikuwa imeshaanza kunyoosha kitambaa cha meza. Mjomba alikohoa, akataka kusaidia, Fundi akamwonyesha kiganja.

"Nakuuliza hivi, na usimtafute mtu mlangoni. Siku za vita vyako wewe, si vya babu zetu, ulipokuwa kazini, jua ulilionea wapi?"

"Sikuliona, mama," alisema mwishowe. "Ndani kulikuwa na taa."

"Ndani ya ndege?"

"Ndani ya banda."

Dada yake alishusha pumzi ndefu, kama aliyetua ndoo.

"Nilikuwa mkunja parachuti," Rubani alisema. "Toka nilipoandikishwa mpaka siku nilipoachiwa. Meza, taa, na parachuti. Marubani wanakuja, wanachukua, wanaondoka. Mimi nakunja nyingine."

"Kwa hiyo," Mjomba alisema polepole, huku ukimwona anawaza wale madereva wa mizani, "hukuruka hata siku moja?"

"Mara moja, mzee. Walinipakia pamoja na mizigo. Nilitapika njia nzima."

"Na nyundo?" Fundi aliuliza.

"Nyundo ni ya mdogo wako, mama."

"Ilikuwa nyundo nzuri," ilisema sauti nyuma ya mlango.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mjomba alikaribia. Fundi hakumwondolea Rubani macho.

"Kukunja parachuti ni kazi. Mbona uliificha?"

"Sikuificha. Haina hadithi. Ungeniuliza nilifanya nini, ningesema nilikunja. Na kesho yake? Nilikunja." Alisitisha mikono, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Aliyerudi kwa parachuti alikuja kunishika mkono, na hao nawakumbuka sura zote. Wasiorudi, hakuna aliyeniambia ilikuwaje. Labda moto. Labda risasi ilimkuta angali kitini. Labda mkunjo wangu. Ofisa aliwauliza walioona, mimi hakuniuliza mtu, maana nilikuwa chini. Mpaka leo sijui, mama. Nikikunja hata shuka, najiuliza."

Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo unaolia.

Fundi alikuwa amesoma wengi wakiulizwa, katika kitabu kile kinene. Waliokuwa wepesi wa kujibu waliangusha ndege nyingi ambazo upande wa pili haukuzipoteza. Huyu alikuwa amepewa nafasi ya kusema parachuti zake zote zilifunguka, na hakuna katika chumba kile ambaye angempinga. Hakuichukua.

"Una mke?" aliuliza.

"Alifariki."

"Nani mwingine aliona?"

"Mimi," alisema dada yake, neno lake la kwanza la maana. "Nilimuuguza mimi. Kaburi lipo, nitakupeleka kesho ukitaka."

"Nataka," alisema Fundi.

Mjomba aligeuka kumtazama dada yake Rubani kwa aibu, lakini mwanamke huyo hakuchukia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na saa ya miadi.

"Basi neno langu ni hili," Fundi alisema. "Kama kaburi lipo, nimekubali. Na wewe mlangoni, unaweza kuingia, jiko limeshatazamwa vya kutosha."

*

Wageni walipoondoka, dada wawili walibaki na vikombe. Chiriku alivikusanya bila kuongea, na ukimya ule wa zamani ukataka kurudi ndani ya nyumba. Fundi aliuona ukiingia, akaogopa.

"Ulinidanganya," alisema. "Yeye namwelewa. Wewe sikuelewi."

"Ungekataa." Chiriku aliweka vikombe chini. "Angekuja akakwambia nilikunja, ukamuuliza na nini tena, akasema basi. Ungemtoa kama ulivyomtoa kinyozi. Ulisema mwenyewe, asiyesimulia ana jambo. Nikamtafutia ya kusimulia."

Fundi alitaka kusema si kweli. Alilitafuta jibu zuri, la dada mkubwa, akalikosa.

"Ningekataa," alisema.

"Unaona."

"Lakini wewe na mimi tunalala ukuta mmoja. Ungenigongea ukaniambia."

"Nilikuogopa, dada." Chiriku alisema bila hasira, kama anayetaja rangi ya kitambaa. "Kinyozi naye hakuwa na jambo. Nilikuja kujua baadaye. Alikuwa mtu ambaye hayajampata makubwa, basi. Ameoa, wana mtoto, namwona akipita. Huwa ananisalimu."

Fundi aliketi. Hakujua kwamba kinyozi alikuwa bado anapita. Miaka yote hiyo alidhani mdogo wake, akiwa dirishani na pasi, anatazama barabara tu.

"Hukuwahi kusema," alisema.

"Wewe ulisema hapana. Nami niliahidi."

Fundi alichukua kitambaa cha meza, akakuta kimenyooshwa hata pale palipokuwa na kunyanzi la miaka, akakirudisha. Chiriku alikuwa akimtazama sasa, kichwa upande, macho madogo.

"Dada. Umekubali kweli, au unataka umsogeze karibu umchunguze vizuri?"

"Yote mawili," alisema Fundi.

Chiriku hakuridhika, ila alichukua vikombe, na kabla hajafika jikoni alikuwa ameshaanza kuviambia yote aliyoyasikia akiwa nyuma ya mlango.